Mwiko wa Matobolwa

Nilicheka kwenye msiba wa wifi yangu Kabula, na sidhani kama wajukuu zake wameshanisamehe. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba yake pale Katoro, mazishi yamekwisha, wanawake tumejifunga khanga viunoni, masufuria ya wali yako kwenye mafiga, na barabarani pikipiki zinapita utadhani hakuna aliyekufa. Kabula aliondoka kwa ugonjwa wa moyo. Mimi nina sukari, na hilo halikuwa siri kwa mtu pale, maana nilipoletewa sahani niliomba nipunguziwe wali na niongezewe mboga za majani. Basi mjukuu wake mmoja, kijana mwenye adabu anayeendesha bodaboda na kuuza dawa za makopo pembeni, akaja akachuchumaa mbele yangu, akaniamkia, kisha akatoa mfukoni kopo jeupe lenye picha ya moyo mwekundu. Akanieleza kwa sauti ya chini, sauti ya msibani, kwamba unga ule unashusha sukari, unasafisha mishipa, unaupa moyo nguvu, na mtu akiutumia hana haja ya kujinyima chakula. Nikamuuliza unanyweka vipi. "Ni mchungu kidogo, bibi," akasema. "Kwa hiyo unachanganya na asali." Hapo ndipo kicheko kiliponitoka, na hakikuwa kicheko cha kuficha na khanga. Binti zake Kabula walidhani nimezidiwa na majonzi, wakaniletea maji. Mzee mmoja akauliza kama mimi ni mtani wa marehemu. Niligeuka kumtafuta Kabula, kwa sababu duniani alikuwa amebaki yeye peke yake ambaye angejua ninachekea nini, nikakumbuka kwamba ni yeye tuliyemzika. Ndipo nikalia, na safari hii kila mtu akaelewa.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilioolewa, katikati ya miaka ya hamsini, pamba ilipokuwa na bei nzuri na kila mwenye jembe akaigeukia. Mambo ya kwetu nilikotoka nayaacha, hayana sehemu hapa. Mume wangu Luhende alikaa na mimi siku chache za fungate, kisha akarudi Geita, mgodini, alikokuwa akifanya kazi chini ya ardhi, akaniacha kwa wazazi wake mwendo mfupi kutoka Tinde. Nyumba ilizungushiwa uzio wa minyaa, ndani yake zizi, maghala, nyumba ya wakubwa, kijumba changu, na kibanda cha kusagia. Kile kibanda ndicho chumba nilichokijua kuliko vyote mwaka ule. Kilikuwa na jiwe la kusagia lililolazwa mteremko, kinu pembeni, na kwenye kona lindo, lile kasha la gome la mti, ambamo Mama mkwe alihifadhi matobolwa. Nawaeleza wasioyajua: ni viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu na vyekundu. Vikikauka utamu wake unazidi. Mtoto akilia anapewa, mgeni akifika anapewa, mgonjwa akikataa ugali anapewa. Ukuta wa kibanda ule uliegemea uzio, na nje ya uzio ndiko kulikuwa shikome, moto wa wanaume, ambapo kila jioni wenye nyumba za jirani walikusanyika kuota moto na kula. Kila mwanamke alipeleka chakula cha nyumba yake, wanaume wakala vyote kwa pamoja, cha huyu na cha yule. Mwanamume kula peke yake ndani kwake lilikuwa jambo la aibu. Mtu wa namna hiyo aliitwa mchoyo, na akiendelea aliitwa mchawi. Mimi nilisaga na kusikiliza.

Kwa desturi ya nyumba ile, mke mgeni hakusema na baba mkwe. Hukumtazama usoni, hukupita mbele yake, na kama una neno ulimwambia mama mkwe au wifi, nao wakalifikisha. Hali hiyo iliendelea mpaka siku mzee mwenyewe atakapoamua kukupa mbuzi wa kukufungua mdomo. Wengine walipewa baada ya mtoto wa kwanza. Wengine, mzee akiwa mgumu, walizaa mpaka wakachoka. Baba mkwe wangu, Mzee Ngasa, hakuwa mgumu, ila hakuwa na haraka. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti, mwenye ng'ombe wengi, anayependa kula na watu, na unene wake ulimpendeza mkewe kama vile angekuwa ameufuma kwa mkono wake. Kabula alikuwa binti yao wa mwisho, msichana mwenye maneno, na ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Nilipotaka kumsalimu mzee asubuhi, nilimsalimia Kabula kwa sauti kubwa, mzee akaitikia akitazama zizi.

Ni Kabula aliyeanza kuona. Aliniambia baba anamaliza mtungi wa maji usiku peke yake, na pale nyuma ya zizi anapojisaidia siafu na sisimizi wamejenga njia. Tulienda kutazama, sisi wawili, tukiwa tumebeba ndoo kama watu wanaokwenda kuteka maji, na ilikuwa kweli. Mama mkwe alipoambiwa alisema tusilitoe nje ya uzio, maana jirani akisikia atataka kujua ni mkono wa nani. Mzee akaanza kupungua. Mashavu yalilegea, mkanda ukaongezwa tundu. Halafu ng'ombe mmoja alimkanyaga mguu wa kushoto, karibu na vidole, jeraha dogo la siku zote za mfugaji, na likakataa kupona. Mvua za kwanza zilinyesha, watu wakaanza kupanda, na mzee akawa anakwenda shambani akiburuta mguu uliofungwa kitambaa.

Tulimpeleka hospitali mjini Shinyanga kwa lori la kubebea pamba. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilisoma kidogo misheni na Kiswahili changu kilinyooka, wakati Mama mkwe hakujua zaidi ya salamu. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana Mwafrika, mtu wa Bukoba nadhani, mpole, koti lake limepigwa pasi. Alichukua mkojo wa mzee kwenye kichupa cha kioo, akatia maji ya bluu, akauchemsha juu ya taa ya spiriti, nasi tukatazama rangi inageuka kijani, kisha njano, kisha ikawa nyekundu ya matofali. Akaweka kipimo chake kifuani kwa mzee, akasikiliza muda mrefu. Kisha akaanza kusema, nami nikiwa nimempa mzee mgongo nilimwambia Mama kwa Kisukuma, Mama akamgeukia mzee akamwambia kwa Kisukuma hichohicho. Mzee alikuwa keshasikia mara mbili, kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu mnada wa ng'ombe ulimfundisha Kiswahili cha kutosha, kisha kutoka mdomoni mwangu. Lakini alisubiri kuambiwa na mkewe ndipo akatikisa kichwa. Daktari alitutazama mmoja mmoja.

Aliyosema yalikuwa haya. Damu ya mzee ina sukari, na moyo wake umechoka. Iko sindano ya kutibu, lakini ni ya kila siku na inataka mtu aishi karibu na hospitali. Mzee alipoambiwa hivyo aliuliza nani atabaki na ng'ombe. Basi, akasema daktari, itabidi dawa iwe chakula. Aache vitamu vyote. Ugali upungue, usizidi kiganja chake. Samli na mafuta aviache, chumvi apunguze. Ale mboga za majani, choroko, maharage, maziwa ya mtindi yaliyotolewa siagi, samaki akipatikana. Atembee taratibu. Jeraha lioshwe zahanati Tinde. Pamba ikianza kupasuka arudi, na kama kidonda hakijaanza kufunga, mguu utakatwa chini ya goti. Neno hilo la mwisho Mama hakulifikisha. Alilishikilia mdomoni, na mzee, ambaye alikuwa amekwisha kulisikia, hakumdai.

Mfugaji asiye na mguu ni mtu wa kuletewa habari za ng'ombe wake. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu miezi yote ile, na ndilo lisilotajwa. Mama mkwe aliporudi nyumbani alifanya aliloelewa. Daktari kasema sukari. Akachukua kile kifuko cha sukari ya dukani tulichokuwa tukitumia mgeni akija, akampa jirani. Akaona kazi imekwisha. Na kwa kuwa mgonjwa anapungua, akaanza kumlisha. Asubuhi uji aliutia asali, asali nzuri ya misitu ya Ushirombo, kwa sababu asali ni dawa na kila mtu anajua hivyo. Mchana matobolwa na karanga. Mboga aliiunga kwa samli ikameremeta. Mimi ndiye niliyekuwa nikipika, na nilipojaribu kupunguza samli alichukua mwiko wa kusongea mkononi mwangu akaongeza mwenyewe. Nilimkumbusha maneno ya daktari, naye akanijibu bila hasira kwamba daktari hakutaja matobolwa. Ni kweli, hakuyataja. Hakuyajua, ama hakujua kwamba sisi tunayala kama watu wengine wanavyokula mkate. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na hata leo nikienda kliniki Geita, muuguzi akanisomea vyakula vyake, tufaha, mkate wa ngano isiyokobolewa, huwa nangoja afike kwenye chakula changu, na hafiki.

Nilikuwa nikimchukia Mama mkwe kidogo wakati ule, na sioni haja ya kuficha. Nilidhani ni ubishi. Siku moja nikiwa nasaga nilimsikia akizungumza na dada yake nje ya kibanda, akisema kwamba watu wameanza kumtazama. Sokoni Tinde mwanamke mmoja alimuuliza kama siku hizi nyumbani kwake kuna njaa. Mume akikonda, kwetu, haulizwi mume. Anaulizwa mke amemnyima nini. Mama mkwe alikuwa akiuona mwili wa mzee unayeyuka, na kila kipande cha matobolwa alichompa kilikuwa cha kujitetea mbele ya wanawake wa soko. Nilipolisikia hilo chuki ilipungua, ila mguu haukupungua uvimbe.

Katikati ya mvua, Luhende naye alileta msaada wake kutoka Geita. Alimkabidhi dereva wa lori bahasha ya unga wa kahawia na maneno ya kutuambia: kuna mchuuzi anazunguka kwenye kambi za wachimbaji, anauza mizizi iliyosagwa, inakula sukari yote tumboni, baba ataweza kula apendacho. Wachimbaji wanaiamini sana. Mzee aliifurahia dawa ile kuliko alivyofurahia kitu chochote mwaka ule. Ila ilikuwa chungu mno. Aliilamba mara moja akatema, macho yakamtoka, Kabula akacheka mpaka akafukuzwa. Mama mkwe hakushindwa. Akachukua bakuli, akatia unga wa Geita, akamimina asali juu yake mpaka ukalainika, akakoroga, mzee akanywa na kulamba kidole. Ikawa hivyo asubuhi na jioni: dawa ya kuondoa sukari ikitelezeshwa kwa asali. Kabula alinitazama juu ya bega la mama yake, nami nikamtazama, na hatukuthubutu kusema. Huo ndio mtazamo niliokuwa nikiutafuta msibani.

Hata hivyo tungeweza kuikomesha asali nyumbani na bado tusimpate mzee, kwa sababu jioni alikwenda shikome. Niliwasikia kupitia ukutani. Mzee Shija, rafiki yake wa tangu utoto, ndiye aliyekuwa mtani mkubwa. Jioni moja mzee alijaribu kujizuia. Alikula tonge mbili akanawa. Shija akamuuliza tangu lini chakula cha mkewe Shija kinanuka. Wengine wakacheka. Shija akaendelea: nasikia mkwe wako msomi amekufunga miiba puani kama ndama anayeachishwa ziwa, ng'ombe mama hakusogelei tena. Wakacheka zaidi, na mzee akacheka nao, na nikasikia mkono wake ukirudi kwenye bakuli. Sikumlaumu. Tonge la tatu lilikuwa bei ndogo kwa mtu asiyetaka kuonekana anajitenga na wenzake. Niliendelea kusaga, na nakumbuka kwamba mtama niliousaga jioni ile ulitoka mbaya, wenye chenga.

Pamba ilipotoa maua kidonda kilianza kunuka. Vidole viwili vya mwisho vilibadilika rangi. Mhudumu wa zahanati ya Tinde, aliyekuwa akiliosha jeraha, aliacha kutuambia maneno ya kutia moyo. Asubuhi moja mzee alimtuma Kabula aniite, nami nikaja nikasimama pembeni ya mlango nimeinamisha kichwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umewekwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Mama mkwe alikuwa karibu, anapepeta choroko kwenye ungo. Kabula alishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa mbuzi jike, mweupe, mwenye mimba.

"Ng'wanawane," mzee akasema, yaani mwanangu, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita chochote. "Huyu ni wako. Sasa mdomo wako uko wazi. Niambie alivyosema daktari."

Nilisema kwa kutazama chini kwamba yeye mwenyewe alimsikia daktari.

"Nilimsikia. Lakini mama yako ananionea huruma, na huruma yake imenifikisha hapa. Wewe bado hujanizoea. Sema."

Nikasema. Nilimwambia daktari hakukataza sukari ya dukani peke yake, alikataza kila kitamu. Kwamba asali ni tamu na matobolwa ni matamu. Kwamba ugali ukiwa mlima unageuka sukari tumboni. Kwamba samli inauchosha moyo. Kwamba unga wa Geita siujui, ila najua anaunywa na asali. Nikamwambia pamba ikipasuka watakata mguu, chini ya goti. Nilisema yote hayo mbele ya Mama mkwe, ambaye mikono yake ilikuwa ndiyo iliyompikia na kumlisha. Choroko ziliacha kucheza kwenye ungo. Mama aliinuka, akaenda ndani, na mzee akanishukuru kwa neno moja.

Siku zilizofuata Mama mkwe hakusema nami. Alinipa kazi kupitia Kabula, kama vile sasa yeye ndiye mkwe na mimi ndiye niliyefungwa mdomo. Nilimfunga mbuzi wangu karibu na kijumba changu nikajua kwamba nitarudishwa kwetu naye, na kwamba Luhende akija atasikia upande mmoja tu. Niliogopa sana. Kisha alasiri moja nikiwa nasaga, Mama aliingia kibandani, akapiga magoti upande wa pili, akachukua jiwe dogo la pili, akaanza kusaga. Tulisaga muda mrefu.

"Nilikuwa naogopa watasema namnyima," akasema mwishowe.

Nikamwambia najua, mayu, yaani mama.

"Wewe umesema ya daktari, na ni ya kweli. Lakini watu wa shikome hawamwogopi daktari. Wanaogopa mwiko."

Jioni ile hakumtuma Kabula. Alibeba chakula mwenyewe mpaka motoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akakiweka chini, akabaki amesimama mpaka wanaume wakanyamaza. Mimi na Kabula tulikuwa tumebandika masikio ukutani. Akawaambia kwamba mume wake amepewa mwiko. Asile matobolwa, asile asali, asile samli, na ugali usizidi kiganja chake mpaka mwiko uondolewe. Na anayempa vitu hivyo, kwa kujua au kwa utani, mwiko unamrudia yeye aliyempa. Hakueleza ametoka nao wapi. Kwetu mtu haulizwi mwiko wake umetoka wapi, kama vile haulizwi ameota nini. Kisha nikasikia bakuli linaburutwa kwenye udongo, na ni Shija aliyekuwa akiondoa matobolwa mbele ya rafiki yake na kuyaweka nyuma ya mgongo wake mwenyewe. Akauliza kwa heshima kabisa kama choroko zinaruhusiwa. Mama akasema zinaruhusiwa. "Basi leteni choroko," Shija akasema, na tangu jioni ile akawa mkali kuliko daktari. Ndiye aliyemmegea mzee tonge lake na kulipima kwenye kiganja. Wake za wale wanaume walianza kuleta majani ya kunde, mlenda, furu, wale samaki wadogo wakavu kutoka ziwani, kila mmoja akihofia chakula cha nyumba yake kisije kikamletea mumewe balaa. Mzee alinung'unika, lakini alinung'unika akiwa katikati ya watu, wanakula naye, na mtu aliye katikati ya watu anaweza kunung'unika mwaka mzima asife.

Jambo moja Mama hakuwaambia, maana halikuhitaji kusemwa: mke hushika mwiko wa mume. Aliacha matobolwa siku hiyohiyo. Alikuwa akiyapenda kuliko sisi wote; alikuwa na tabia ya kutia kipande shavuni akiwa anapalilia na kukinyonya mpaka mwisho wa tuta. Asali aliacha, samli aliacha. Ugali alijipimia kiganja chake, ambacho kilikuwa kidogo. Akapungua yeye pia, mpaka yule mwanamke wa sokoni akamwuliza tena, na Mama akamjibu kwamba ndiyo, nyumbani kwake kuna njaa, akapita. Unga wa Geita aliuweka juu ya dari. Luhende alipokuja likizo akamkorogea unga huo kikombe kizima, kwa maji matupu bila asali, akamsimamia mpaka akamaliza.

Pamba ilipopasuka tulipanda lori tena. Kidonda kilikuwa kimeanza kujaa nyama nyekundu kutoka chini, na nilikuwa nimejua hilo kwa wiki kadhaa lakini nilikataa kulifurahia. Daktari yuleyule alichemsha mkojo kwa maji yake ya bluu. Rangi iligeuka kijani ikaishia hapo. Alichemsha tena, kana kwamba hakuamini, ikaishia hapo. Aliukagua mguu, akabonyeza, akanusa, akasema vidole viwili vya mwisho vimekufa na lazima vitoke, lakini mguu utabaki. Moyo bado umechoka, akasema, na utaendelea kuwa hivyo. Aende nao polepole. Kisha aliniuliza tulimpa mgonjwa dawa gani. Mdomo wangu ulikuwa wazi na mbuzi wangu alikuwa keshazaa, ningeweza kujibu mwenyewe. Lakini niligeuka nikamuuliza Mama kwa Kisukuma, kwa sababu jibu lilikuwa lake.

Mama mkwe alinyoosha mgongo kwenye lile benchi. "Mwambie hatukumpa kitu," akasema. "Mwambie nilimnyima."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mzee Ngasa, ambaye alikuwa amesikia kwa lugha zote mbili, alitazama dirishani na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta.

Huo ndio mwaka wangu. Yule mjukuu wa Kabula alinifuata kesho yake asubuhi, amekwazika bado, akataka kujua kicheko kile kilikuwa cha nini, nami nikamsimulia hivi nilivyosimulia hapa. Alisikiliza vizuri. Sikumwambia dawa yake ni mbaya, maana siijui. Mambo ya makopo nawaachia madaktari. Nilimwambia tu kwamba mimi nimechoka kupewa vitu vya kula peke yangu. Wanangu na wajukuu wangu wananipigia simu kutoka mijini, bibi usile hiki, mama acha kile, kisha nasikia vijiko vyao vikigonga sahani. Kijana akakuna kichwa, akaenda jikoni kwa dada zake, akarudi na sahani yenye wali kidogo na majani mengi, akakaa mkekani kando yangu, tukala. Akatafuna kwanza, kisha akauliza swali ambalo hata mimi sikulitarajia: kwa hiyo, bibi, ule mwiko uliondolewa lini?

Nikamwambia haukuondolewa. Mwiko huondolewa na aliyeutoa, na aliyeutoa alikuwa mke wa mzee, ambaye hakuthubutu. Shija aliuliza mara kwa mara, na Mama akajibu kwamba bado. Mzee aliishi miaka mingi kuliko alivyotazamiwa, akichunga ng'ombe wake kwa mguu wenye vidole vitatu, mpaka moyo uliposimama, asubuhi, akiwa zizini. Siku tuliponyolewa nywele za msiba, Mama mkwe alikuja kibandani kwangu, kichwa chake kinang'aa, akaketi, akaniomba nimfungulie lindo. Nilimpa kipande kimoja cha matobolwa. Alikitia shavuni kama zamani, akakinyonya, kisha akakitoa, akakitazama kiganjani.

"Kumbe ni matamu hivi," akasema. "Na mimi miaka yote nilidhani mzee ananung'unika bure."